Bosi analipa zaidi, mfanyakazi anapeleka nyumbani kidogo: hizi sheria mpya za ajira Kenya zinamuumiza nani haswa?

Tuanze na hesabu, maana porojo kuhusu sheria za ajira tumeshiba, kila Leba Dei ni wimbo ule ule, COTU wa vyama vya wafanyakazi wanapaza sauti upande huu, waajiri wa FKE wananung'unika upande ule, alafu kila mtu anarudi kwake. Chukua mfanyakazi wa chini kabisa pale Nairobi, wa kufagia, kubeba mizigo, kupakia lori, yule analipwa kima cha chini cha sheria na hakuna ndururu juu yake. Kuanzia Mei 2022, Uhuru Kenyatta alipoongeza asilimia 12, kima hicho kilikuwa shilingi 15,201.65. Weka marupurupu ya nyumba ya asilimia 15 unapata kama 17,482. Makato yalikuwa mawili tu, NSSF ya uzeeni 200 na NHIF ya bima ya afya 600, kodi ya PAYE hafiki, kwa hivyo alikuwa anaenda nyumbani na 16,682. Bosi naye juu ya mshahara aliongeza 200 ya NSSF na 50 ya NITA ya mafunzo ya kazi, huyo mtu akawa anamgharimu 17,732 kwa mwezi.

Sasa ruka hadi Februari 2025. Kima kimepanda asilimia 6 tangu Novemba 2024, ni 16,113.75, ukiweka na marupurupu ya nyumba jumla inafika 18,531. NSSF sasa ni asilimia 6, hiyo ni 1,112. SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, asilimia 2.75, kama 510. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo 278. Ukishatoa zote anabaki na 16,631. Na bosi? 18,531, ongeza 1,112 ya NSSF upande wake, 278 ya nyumba, 50 ya NITA, jumla 19,971.

Yaani bosi ameongeza kama 2,240 kila mwezi na mfanyakazi mfukoni amepungukiwa na 50 bob. Na hapo bado hatujagusa bei ya unga.

Hii ndio sababu siku hizi ukienda karakana yoyote Industrial Area au duka la jumla mtaani utasikia pande mbili zinalalamika kwa wakati mmoja na zote ziko na haki. Bosi anasema nimewaongeza hawa watu hadi mgongo unauma. Mfanyakazi anasema umeniongeza nini, peislipu hii hapa, nionyeshe. Wanaangaliana kama maadui na hakuna aliyemuibia mwenzake.

Lakini kabla hujasema serikali imekula, fuata hiyo pesa mpaka mwisho. Kwa huyu mfanyakazi wetu, NSSF yake na ya bosi zikiunganishwa zimetoka 400 hadi 2,224, kwa hivyo 1,824 zaidi zinaenda kwenye akaunti yake ya uzeeni. Ushuru wa nyumba pande zote mbili ni 556, hiyo kweli imeenda serikalini, labda siku moja atapata nyumba labda hatapata. Bima ya afya kwa mshahara wake imeshuka, kutoka 600 hadi 510 (mwenye 100,000 ndiye ameumia, alikuwa anakatwa 1,700 sasa ni 2,750). Sehemu kubwa ya tofauti, karibu robo tatu na zaidi, ni akiba yake mwenyewe ambayo ataiona akizeeka, shida ni kwamba kodi ya nyumba anadaiwa mwezi huu.

Na hapo ndipo mjadala wetu unaharibika kila mara, watu wanarundika sheria zote za ajira pamoja kama ni kitu kimoja. Mimi naona ziko mbili tofauti kabisa. Kuna sheria za haki, zile zinazosema usimfukuze mtu bila kumsikiza, mama akijifungua apewe likizo, kibarua wa kila siku akikaa sana awe wa mwezi. Alafu kuna sheria za makato, asilimia hii kwa mfuko huu, asilimia ile kwa mfuko ule. Waajiri wakilia wanalilia zote kwa sauti moja, na vyama vya wafanyakazi wakitetea wanatetea zote kwa sauti moja, na kwa maoni yangu kila upande unajiharibia kesi.

Tuchukue za haki kwanza. Zilikuja kwa kishindo 2007, sheria tano kwa mpigo: ya ajira, ya mahusiano ya leba, ya taasisi za leba, ya usalama kazini na ile ya fidia kwa wanaoumia kazini ambayo wengi tunaiita WIBA. Wale waliokuwa kazini kabla ya hapo wanakumbuka vile mambo yalikuwa. Bosi alikuwa anaweza kukupa notisi ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala ya notisi, na kwaheri, hakuna kuulizwa sababu. Mama akijifungua alipewa miezi miwili na likizo yake ya mwaka inapotea. Sheria ya 2007 ikaleta miezi mitatu na likizo ya mwaka ikabaki pale pale, baba akapewa wiki mbili, na kikubwa zaidi, bosi akatakiwa kuthibitisha sababu ya kumpiga mtu kalamu, na kabla ya kumpiga kalamu amuite, amueleze kosa kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi akiwa na mwenzake pembeni, amsikize.

Waajiri wengi mpaka leo wanalia na hicho kifungu cha 41, cha kumsikiza mtu kwanza, kuliko kitu kingine chochote. Na nawaelewa. Umemkuta mtu na mali ya kampuni kwenye begi, walinzi wameona, kamera imeona, bado unaambiwa umwandikie barua ya kujieleza, umpe muda wa kujibu, ukae kikao, uandike kumbukumbu za kikao. Ukimfukuza palepale langoni, ataenda Mahakama ya Ajira na jaji atasema sababu ilikuwepo lakini utaratibu haukufuatwa, mlipe. Mwenye duka la vipuri mwenye wafanyakazi watano hana HR, HR ni yeye, mhasibu ni yeye, dereva siku nyingine ni yeye. Kwake hiyo hukumu inaonekana kama mwizi amelipwa kwa kuiba.

Ila hebu tuwe wakweli, gharama ya kufuata utaratibu ni nini? Karatasi mbili tatu na asubuhi moja ya kikao. Gharama ya kutofuata ni hadi mishahara ya miezi 12, kwa mtu wa 40,000 hiyo ni 480,000, bado notisi, bado siku za likizo hajachukua, bado wakili. Na fidia ya miezi 12 ndio dari, jaji anaweza kutoa mwezi mmoja au mitatu akiona mfanyakazi mwenyewe alichangia. Sheria haijamkataza mtu kufuta kazi, imekataza kufuta kazi kwa hasira. Kampuni zilizozoea hilo siku hizi hata hazilalamiki, zina fomu zao, mambo yanaenda. Wanaolalamika sana ni wale ambao tangu 2008 zilipoanza kutumika hawajawahi kukaa chini kuzisoma, wanakutana nazo kortini. Hiyo sio gharama ya sheria, ni gharama ya kutosoma.

Mahali ambapo waajiri wana hoja nzito kwenye sheria za haki ni likizo ya uzazi, na sisemi hivi kupinga likizo, akina mama waipate yote na zaidi. Shida ni nani analipa. Kenya ile miezi mitatu analipa mwajiri peke yake kutoka mfukoni, mshahara kamili, na wakati huo huo anahitaji mtu wa kushika hiyo kazi, naye alipwe. Kwa benki kubwa hiyo haisikiki. Kwa kliniki ndogo yenye wauguzi wanne, wawili wakijifungua mwaka mmoja, hiyo ni pigo. Na matokeo yake kila mtu anayajua ingawa hakuna atakayeyaandika: mabinti wa miaka 26, 27 wanaulizwa kwenye intavyuu maswali ambayo wanaume hawaulizwi, umeolewa, una mpango gani, alafu kazi inaenda kwa mwingine. Sheria iliyowekwa kumlinda inamfungia mlango kabla hajaingia. Rwanda waliliona hili, 2016 wakaanzisha mfuko wa uzazi, mwajiri anachangia asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi 0.3, na mfuko ndio unabeba sehemu ya pili ya likizo. Kila mwajiri anachangia, mwenye wanaume watupu na mwenye wanawake watupu, kwa hivyo hakuna faida ya kumkwepa mama. Sisi tumeanzisha ushuru wa nyumba kwa asilimia 1.5 mara mbili, jumla 3, na hili la asilimia 0.6 likatushinda. Hapa nakasirika kidogo.

Sasa njoo kwa makato. Hapa waajiri wakilia nakaa nao.

Hadithi ya NSSF peke yake inatosha. Sheria mpya ilipitishwa 2013, ikapelekwa kortini, ikakaa huko karibu miaka tisa, watu wakaendelea kukatwa 200 kama kawaida. Septemba 2022 Mahakama ya Ajira ikasema hii sheria ni kinyume na katiba. Waajiri wakapumua. Februari 3, 2023 Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, ni halali, na NSSF wakataka makato mapya yaanze mwezi huo huo. Mwezi huo huo! Mtu ambaye bajeti yake ya mwaka alishaifunga Desemba, bei ameshakubaliana na wateja wake, kandarasi za ulinzi na usafi ameshasaini kwa mwaka mzima, anaambiwa kuanzia mshahara huu unaongeza. Kampuni za ulinzi ziliumia vibaya sana hapo kwa sababu gharama yao karibu yote ni mishahara, na mteja ukimwambia bei imepanda katikati ya mwaka anakuangalia tu.

Lakini nikae upande wa pili kidogo. Ile 200 ilikuwa aibu. Piga hesabu, 200 yako na 200 ya bosi kwa miaka 30 bila riba ni 144,000. Mtu amefanya kazi tangu ujana hadi 60 anastaafu na pesa ya kununua ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa na chenji kidogo. Wazee wetu wangapi wamerudi kijijini na hiyo, alafu mzigo wa kuwalisha ukawa wa watoto wao, ambao ni wafanyakazi wa mabosi hao hao, wanaoomba advansi kila tarehe 15. Gharama ya uzee wa mfanyakazi haikuwahi kupotea, ilikuwa tu haiandikwi kwenye vitabu vya kampuni. Na ukitazama majirani, waajiri wetu walikuwa wanakula raha ambayo wengine hawana. Uganda mwajiri anatoa asilimia 10 NSSF na mfanyakazi 5. Tanzania ni 20 kwa jumla, kawaida nusu kwa nusu, na juu yake mwajiri mwenye watu kumi na zaidi anatoa 3.5 ya kuendeleza ujuzi na nusu asilimia ya mfuko wa fidia, ukijumlisha bosi wa Dar anabeba kama 14. Wa Nairobi leo anabeba 7.5 na 50 bob ya NITA, na hiyo 6 ya NSSF iko na dari. Kwa hivyo mtu akiniambia Kenya imekuwa ghali kuliko majirani zake kwa sababu ya makato ya mwajiri, hapo sikubali.

Kinachouma ni mbio na kuyumba. Mwenye kampuni ya watu 20, wastani 50,000 kila mmoja. Mwaka 2022 makato ya upande wake yalikuwa 250 kwa kila kichwa, jumla 5,000 kwa mwezi. Februari 2025 ni 3,000 ya NSSF, 750 ya nyumba, 50 ya NITA, 3,800 kwa kichwa, 76,000 kwa mwezi. Ameruka 71,000 ndani ya miaka miwili na kitu, na biashara haijakua. Hiyo 71,000 ni mtu wa 21 na makato yake yote na bado inabaki ya nauli. Hatafukuzwa mtu pengine, ila yule wa 21 hataajiriwa, na huyo hana chama cha kumtetea kwa sababu hajui hata kwamba kuna kazi alikuwa aipate.

Na ushuru wa nyumba, Mungu wangu. Kwanza ulijaribiwa 2018 kwa sheria ya fedha, ukakwama kortini. Ukarudi Julai 2023, sheria yenyewe ikiwa imesimamishwa na mahakama mwisho wa Juni, Mahakama ya Rufaa ikaifungulia mwisho wa Julai, waajiri wakawa wanaulizana hivi makato ya Julai tunakata ama hatukati. Novemba 28 Mahakama Kuu ikasema ushuru huu ni kinyume na katiba kwa jinsi ulivyowekwa, moja ya sababu ikiwa ni kwamba umewabagua wenye mishahara na kuwaacha wengine, lakini uendelee kukatwa hadi Januari. Januari 26, 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda, makato yakasimama. Machi 19 Rais akasaini sheria mpya ya nyumba, makato yakarudi. Jaribu kuwa mhasibu wa kampuni ndogo kwenye hiyo safari. Unabadilisha programu ya mishahara, unairudisha, unaibadilisha tena, wafanyakazi wanakuja ofisini wanakuuliza mbona mwezi uliopita sikukatwa na huu nimekatwa, wanafikiri ni wewe. Ukichelewa kupeleka hiyo pesa kwa watoza kodi wa KRA faini inakungoja, asilimia 3 kwa mwezi. SHIF ikapita njia ile ile, sheria ya Oktoba 2023, ikasimamishwa, ikafunguliwa, Julai 2024 ikatangazwa batili, Septemba Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, Oktoba mosi ikaanza kukata. SHIF bosi haongezi yake, lakini kazi ya kukata, kupeleka na kujibu maswali ni yake, na mfanyakazi akikataliwa hospitalini kwa sababu mfumo haumuoni simu ya kwanza anapiga ofisini.

Watetezi wa serikali watasema korti ndizo zilizoyumbisha, serikali ilitaka kuanza mara moja tu. Ni kweli nusu. Hizo sheria zisingepelekwa kortini na zisingeanguka kama ushirikishwaji wa umma ungefanyika vizuri kuliko kukimbizwa, na majaji walilisema hilo zaidi ya mara moja. Na wako wanaosema korti zisingekuwepo mwajiri angeumia zaidi, hilo nalo lina ukweli wake, mahakama ndio mahali pekee mwenye biashara ndogo na mfanyakazi wake waliwahi kusikizwa kwenye hii safari yote.

Haya, sasa tuone watu wanafanya nini hali ikiwa hivi, maana mwajiri sio jiwe, anajipanga. Wa kwanza anaenda kwa kandarasi fupi fupi. Sheria inasema kibarua wa kila siku akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa sio ya kuisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi na haki zake. Ndio maana unaona mtu anafanya miezi mitatu anaambiwa pumzika wiki mbili, anarudi kwa kandarasi mpya, miaka minne anafanya hivyo. Ukipelekwa kortini hiyo janja haishiki sana, jaji anaangalia ukweli wa kazi sio karatasi, ila ni wangapi wanaenda? Wa pili anawapitisha wafanyakazi kwa ajenti, kampuni nyingine ndio inawalipa, yeye analipa ankara tu. Wa tatu ananunua mashine. Kule Kericho majani chai yanachunwa na mashine siku hizi, na Mei 2023 watu walizichoma. Mashine haina NSSF. Sisemi makato ndio yaliyoileta, mishahara iliyojadiliwa na chama na bei ya chai duniani zilikuwa na sehemu kubwa zaidi, lakini kila asilimia unayoongeza juu ya kichwa cha mtu inafanya mashine ionekane rahisi kidogo.

Na wa nne, ambaye ndiye wengi, hafanyi chochote kwa sababu hayupo kwenye vitabu. Takwimu za serikali zenyewe za uchumi zilisema 2024 zilipatikana nafasi mpya za kazi 782,300, na kati ya hizo 703,700 zilikuwa jua kali. Tisa kwa kumi! Sheria hizi zote tunazogombania, kuanzia kifungu cha 41 mpaka ushuru wa nyumba, kwa mtu wa jua kali ni hadithi ya redio. Sheria ya nyumba ya 2024 inamtaka naye atoe asilimia 1.5 ya kipato chake, kwa karatasi, lakini unamkata vipi mwenye kibanda cha welding pale Gikomba? Kwa hivyo unapoongeza makato unaongeza kwa wale wale wachache wenye peislipu, na mwajiri aliyesajili watu wake wote anashindana bei na yule wa ng'ambo ya barabara ambaye hajasajili hata mmoja. Anayetii ndiye anayeadhibiwa. Hili ndilo lalamiko la waajiri ambalo ningependa COTU walichukue liwe lao pia, kwa sababu kila kampuni inayokimbilia gizani inaondoka na wanachama wao.

Kuna wanaosema dawa ni kulegeza sheria za haki ili kufidia makato, wapunguze fidia, waondoe hicho kikao cha kumsikiza mtu, wapunguze siku 15 za kila mwaka wa kazi anazolipwa mtu akiondolewa kwa kupunguza wafanyakazi. Hapo naachana nao. Kwanza hizo hazikugharimu mpaka umfukuze mtu, na unaamua mwenyewe lini na vipi. Makato unayalipa mwezi ukiwa mzuri na mwezi ukiwa mbaya, mteja amelipa hajalipa, tarehe 9 ya kupeleka makato iko pale pale. Ukitaka kumpunguzia mwajiri mzigo anza na ule anaobeba kila mwezi. Na mfanyakazi ukimpunguzia kinga wakati huo huo peislipu yake imepungua 50 bob, unatarajia akuelewe?

Hata ule mswada wa Seneta Cherargei, kwamba bosi asikusumbue kwa simu baada ya saa za kazi, FKE waliupinga kama vile ni mwisho wa dunia. Kweli una matatizo yake, hospitali na hoteli zinafanyaje, mtu anayefanya kazi na mteja wa Marekani usiku anafanyaje. Lakini gharama yake kwa shilingi ni karibu na sufuri kwa ofisi ya kawaida. Ukipiga kelele kwa kila kitu, siku ya kupigia kelele kitu cha maana hakuna anayekusikia, na wabunge wanajua kabisa kwamba waajiri watalia tu hata wakipewa sukari.

Jambo moja linasahaulika, na linawahusu wengi wanaosoma hapa wakidhani mwajiri ni mtu wa suti. Ukiwa na yaya au mtu wa shamba nyumbani, wewe ni mwajiri. Kima cha chini cha yaya wa Nairobi ni kile kile cha mfagiaji, Novemba 2024 kiliwekwa 16,113.75, na NSSF, na SHIF, na ushuru wa nyumba wa kwake na wa kwako. Wangapi kati yetu tunalipa hivyo? Wangapi tumemsajili? Watu wanaandika maandishi marefu kulaani kampuni zinazokwepa sheria, na mama anayelea watoto wao analipwa 9,000 kwa M-Pesa na hajawahi kuona peislipu maishani. Hapo utaelewa mwenye duka anajisikiaje, na pia utaelewa kwa nini sheria ipo.

Ukiniuliza ni mabadiliko gani yaliyowavuruga waajiri zaidi, jibu langu linashangaza watu wengine. NSSF ndiyo ghali kuliko zote, lakini baada ya mshtuko wa ile Februari ya 2023 imekuwa ndiyo rahisi kuipangia, kwa sababu ngazi zake zimeandikwa ndani ya sheria, kila Februari inapanda: dari ya mshahara unaokatwa ilikuwa 18,000 mwaka wa kwanza, 36,000 wa pili, 72,000 wa tatu, 108,000 wa nne. Mwenye kampuni anakaa Oktoba na mhasibu wake wanaweka namba, wanaongea na wateja mapema, bei mpya inaanza Januari. Ushuru wa nyumba ambao kwa mwajiri ni robo tu ya NSSF umevuruga watu mara nne zaidi kwa sababu hakuna aliyejua kesho uko au hauko. Kama Bunge lingeweka kitu kimoja tu, kwamba hakuna kato jipya la mshahara litakaloanza chini ya miezi sita tangu lichapishwe kwenye gazeti rasmi, na liwe linaanza mwanzo wa mwaka wa fedha, nusu ya kelele za waajiri zingeisha bila kumgusa mfanyakazi hata senti. Kwa NSSF, ngazi ya tano ni Februari 2027, na anayeandaa bei za kandarasi za mwaka huo aiweke sasa.